Kiajemi cha Siku Kumi na Tisa

Dada yangu alisaini kuitoa nyumba yake siku ya Alhamisi, saa nne asubuhi, mbele ya wakili. Kalamu nilimpa mimi.

Na kabla ya kumpa hiyo kalamu nilimwambia, "Saini tu, Dada. Nimesoma mwenyewe."

Naomba mnisikilize vizuri, maana mimi si mtu wa kukubali makosa. Waulizeni wateja wangu. Nina duka la steshenari. Nachapa barua, natoa kopi, najazia watu fomu. Mtu akinikosoa herufi moja tunashindana naye pale mpaka mmoja wetu anyamaze, na mara nyingi anayenyamaza si mimi.

Kwa hiyo mkiona leo naandika hapa kwamba nilikosea, jueni jambo lenyewe liliniingia.

Twende.

Mume wa dada yangu, Shemeji, alikuwa Mwajemi. Alikuja mjini kwetu akiwa kijana, akafungua karakana ya kutengeneza mazulia yaliyochakaa. Siku moja Dada akapeleka zulia la mwajiri wake, akarudi kulichukua mara tatu kabla halijawa tayari. Mambo yakaanzia hapo. Wakaoana.

Walikaa miaka kumi na minane. Walichokipata ni nyumba moja: karakana chini, vyumba vitatu juu. Ndiyo mali yote. Shemeji alipofariki kwa ugonjwa wa figo, Dada alibaki na mabinti wawili wa shule, rundo la mazulia yenye matundu, na hiyo nyumba.

Wiki ya sita baada ya mazishi, akabisha hodi Bwana Mazulia.

Tulimwita hivyo kwa sababu ya biashara yake. Muuza mazulia, mtu wa kwao Shemeji, rafiki yake wa miaka mingi. Sauti ndogo, kucha safi, Kiswahili kimenyooka. Shemeji alipolazwa alikuwa anakuja hospitali na mfuko wa matunda kila Jumapili. Nani angemfikiria vibaya?

Akaketi. Akanywa chai nusu kikombe. Akatoa karatasi mfukoni.

"Shemeji," akamwambia Dada, "hili jambo linanichoma roho, lakini siwezi kulinyamazia. Marehemu ana deni langu."

"Deni gani?" Dada akauliza.

"Alinikopa ule mwaka aliokwenda kwao kumuuguza mama yake. Tomani milioni mia nne. Kwa hela ya hapa ni kama milioni themanini."

Jamani.

Nyumba nzima, ukiiuza na milango yake na taa zake, ilikuwa inafika milioni tisini. Nilimwona Dada anashika meza kwa mikono miwili.

"Mimi simpeleki mjane mahakamani," Bwana Mazulia akaendelea, taratibu kabisa. "Mnipe nyumba, nami nafuta deni. Mtakaa miezi mitatu bure mkitafuta pa kuhamia. Ila mwisho wa mwezi huu tuwe tumeandikishana. Na mimi nina watu wananidai."

Akatuachia kopi ya hati. Imeandikwa kwa Kiajemi kuanzia juu hadi chini, na saini ya Shemeji ipo. Ile saini tuliijua, haikuwa na ubishi.

"Mpeni yeyote mnayemwamini awasomee," akasema mlangoni. "Sina la kuficha."

Alipotoka tu, nikamgeukia Dada. "Tutafute mkalimani."

"Hapana."

"Dada!"

"Sitaki mji mzima ujue kwamba baba wa wanangu amekufa na madeni. Ukimpa mkalimani leo, kesho utaisikia sokoni. Mwache apumzike."

Dada yangu ni mtu wa maneno machache, lakini akishasema, amesema. Basi nami nikapandisha mori. Nikamwambia, "Usiwe na wasiwasi. Nitaisoma mimi."

"Utaisomaje? Kiajemi unakijua?"

"Nitakijua."

Mwezi ulikuwa umebakiza siku kumi na tisa.

Mnacheka? Mimi sikucheka. Nilishika simu usiku huohuo nikatafuta masomo ya Kiajemi. Salamu nikaziruka. Rangi, wanyama, habari ya hali ya hewa, vyote nikapita. Nikaenda moja kwa moja kwenye ukurasa wa maneno ya kila siku ya kodi na pesa binafsi. Hapo ndipo nilipopiga kambi.

Maliyat, kodi. Daramad, kipato. Pasandaz, akiba. Vam, mkopo. Ghest, malipo ya awamu. Zamen, mdhamini. Jarime, faini. Ezharname, ile fomu ya kutangaza mapato yako kwa watu wa kodi. Bedehkar ni anayedaiwa, talabkar ni anayedai.

Mengine yalinifurahisha kwa sababu niliyakuta kama ya nyumbani. Bima wanaita bime. Hesabu, hesab. Daftari, daftar. Nikajiambia, hawa watu mbona ni ndugu? Kiajemi chenyewe ndiyo hiki tu?

Nilikata vipande vya karatasi ngumu, kila kimoja neno moja, nikavibandika ukuta mzima wa duka. Juu ya mashine ya kopi kulikuwa na kodi, faini na riba. Kwenye droo ya pesa nikabandika daramad. Mlangoni nikaweka bedehi, deni, ili kila anayeingia nimwangalie na neno lake.

Mteja mmoja akauliza, "Hii nayo ni dawa ya nini?"

"Hiyo ni faini. Lipa hela ya kopi kabla haijakupata."

Herufi zilinitesa. Zinaandikwa kutoka kulia, zinashikana mikono, nyingine ukiiweka mwisho wa neno inabadilika sura. Tarakimu zilikuwa nafuu. Sifuri yao ni nukta tu. Ukisinzia kidogo unaweza kudhani nzi alitua hapo.

Dada alinipa faili la bluu la Shemeji. Karatasi thelathini na moja, zote za Kiajemi. Nilitaka kuzipanga nijue ipi ya kodi, ipi ya bima, ipi ya mkopo, na zaidi ya yote nijue kama kuna risiti yoyote inayoonyesha kwamba hilo deni liliwahi kulipwa. Kila jioni nilifunga duka, nikaenda karakana, tukakaa juu ya mazulia yaliyokunjwa, mimi nasoma, Dada anafuma kingo za zulia la mteja.

"Hii ni maliyat," nikamwambia siku ya saba. "Kodi ya kale kaduka alikokuwa nako kwao kabla hajaja huku."

"Duka lile lilikuwa dogo," Dada akasema. "Alikuwa anasema watu watatu wakiingia, wa nne anasubiri nje."

"Basi walikuwa wanamkamua. Angalia hizi nukta. Kodi ya mwaka mmoja ni mamilioni!"

Tukasikitika wote wawili. Maskini Shemeji, kumbe alikimbia kodi. Nikaipeleka ile karatasi kwenye fungu lake, nikaendelea na nyingine.

Siku ya kumi na tatu nikaifungua hati yenyewe. Nikasoma neno kwa neno, kidole juu ya karatasi.

Vam lilikuwepo. Bedehkar ni Shemeji. Talabkar ni Bwana Mazulia. Ghest hakuna, yaani haikuwa ya kulipwa kwa awamu. Mdhamini hakuna. Kisha tarakimu: nne, nukta nane. Na chini yake imeandikwa kwa maneno, ili asije mtu akaongeza nukta.

Milioni mia nne.

Nikahesabu tena. Nikahesabu kutoka kulia, nikahesabu kutoka kushoto. Nikampa Dada ahesabu nukta. Nane.

"Ni kweli?" akauliza.

"Ni kweli."

Sindano yake ikasimama hewani. Halafu akaniuliza swali ambalo mpaka leo likinijia nikiwa barabarani nasimama. "Mbona hapa umesoma riali? Yeye alisema tomani."

Nikamjibu haraka, kama ninavyowajibu wateja. "Dada, ni kama hela na pesa. Majina mawili, kitu kimoja."

Kwa nini nilisema vile? Kwa sababu vipande vyangu vya ukutani vilisema hivyo. Riali: fedha ya kule. Tomani: fedha ya kule. Niliviandika mwenyewe kwa mkono wangu, nikavibandika jirani.

Na msidhani sikufanya uchunguzi. Nilikwenda hadi duka la kubadilisha fedha, nikauliza bei ya tomani. Wakanipa. Nikazidisha. Ikatoka milioni themanini na kitu, sawasawa na alivyosema Bwana Mazulia. Nikatoka pale kichwa juu. Niliona nimemaliza kazi ya mkalimani, mhasibu na wakili, bila kumlipa hata mmoja.

Siku ya kumi na tisa tukaenda kwa wakili. Hati ya makubaliano ilikuwa fupi: mjane anatoa nyumba kulipa deni la marehemu "kama lilivyo kwenye hati iliyoambatanishwa." Dada akaitazama muda mrefu.

Akanitazama mimi.

Hayo mengine nimeshawaambia hapo juu.

Wakili akatueleza kwamba nyumba bado haijahama rasmi. Jumatatu saa tatu asubuhi Dada na Bwana Mazulia waende ofisi ya kodi, fomu ya uhamisho ikaguliwe, igongwe muhuri. Muhuri ukigongwa, biashara imekwisha.

Jumatatu ikafika. Nilitaka kwenda naye, Dada akakataa. "Kafungue duka. Hakuna cha kusoma tena."

Saa mbili na robo akaingia mama mmoja mtu mzima, mweupe wa nywele, mkoba kwapani. Alitaka kopi sita za karatasi zake za pensheni. Nikaweka karatasi kwenye mashine. Nikageuka, nikamkuta amesimama katikati ya duka anaangalia ukuta, mkono mdomoni.

"Nani ameandika haya?"

"Mimi, mama."

Akacheka mpaka akatafuta kiti. Kumbe mama mwenyewe ni Mwajemi, muuguzi mstaafu. Aliniambia nimwite Khanum, maana yake ni kama kusema Bibi kwa heshima. Akapita kipande baada ya kipande, anasoma kwa sauti, ananirekebisha matamshi. Mimi nimevimba kichwa, nadhani nasifiwa.

"Nimejifunza kwenye ukurasa wa simu, kwa siku kumi na tisa tu," nikasema. "Na nimesoma hati nzima."

"Hati gani, mwanangu?"

Sikupaswa kumwonyesha. Dada alikataza. Lakini sifa ni kitu kibaya jamani. Nikafungua droo, nikatoa ile kopi, nikafunika jina la Shemeji kwa kidole gumba.

Khanum akavaa miwani. Akasoma kwa muda wa kumeza mate mara mbili.

"Aha. Huyu alikopa milioni arobaini."

Nikatabasamu. "Mia nne, Khanum. Hesabu nukta."

"Nukta nimeziona. Karatasi inasema milioni mia nne za riali. Sisi tukizungumza tunasema milioni arobaini za tomani. Tomani moja ni riali kumi."

Nilisikia vizuri. Masikio yalisikia. Kichwa kilikataa kupokea.

"Riali kumi?"

"Kumi. Karatasi zetu zote, za benki, za kodi, za mahakama, zinaandikwa riali. Lakini hakuna mtu anayezungumza riali. Sokoni tomani, nyumbani tomani, ukipanga mahari ni tomani. Mtu akiona karatasi anaondoa sifuri moja kichwani, hata hafikirii. Mtoto anayetumwa mkate anajua. Ukurasa wako haukukuambia?"

Mashine ikamaliza kopi ya sita, ikanyamaza.

Nikaiona ile kodi ya duka dogo la Shemeji. Nikaiona sindano ya Dada imesimama hewani. Nikamwona Bwana Mazulia amekaa kwenye kiti chetu anasema "tomani milioni mia nne" kwa sauti yake ndogo, kisha anatuachia karatasi ya riali akijua kabisa kwamba atakayesoma kwa kuungaunga ataikuta mia nne, ataridhika.

Milioni themanini kumbe ni milioni nane. Mazulia mawili mazuri, basi. Dada anatoa nyumba kwa mazulia mawili.

Saa ya ukutani: tatu kasoro dakika kumi na nane.

Nikapiga simu. Haipatikani. Nikapiga tena. Haipatikani.

"Khanum, naomba ukae hapa," nikasema, na tayari niko mlangoni. Mwanamke niliyemfahamu kwa nusu saa nikamwachia duka, droo na ufunguo. Alichosema ni "Nenda!" na akaanza kupanga kopi zake.

Nikarukia pikipiki ya kwanza niliyoiona. Dereva akauliza wapi, nikamwambia ofisi ya kodi, mbio. Akacheka, "Sijawahi kuona mtu anakimbilia huko." Nikamwambia aendeshe, asiniongeleshe.

Njiani nilikuwa naomba. Foleni iwe ndefu. Umeme ukatike. Mwenye muhuri achelewe. Kila kitu ninachokilaumu kwenye maofisi, siku hiyo nilikiomba kwa machozi.

Ofisi ya kodi ni ukumbi mkubwa, viti vya chuma, madirisha ya vioo yamepangwa kwa namba. Kwenye kila nguzo kuna tangazo: ZIMA SIMU. Nikawaona dirisha la sita. Dada ameketi, mkoba mapajani. Bwana Mazulia kando yake, miguu imepandana. Ng'ambo ya kioo kuna mama afisa mnene mwenye mafua, anapenga kwenye leso, mkono mwingine anavuta kidau cha wino.

Muhuri ulikuwa juu ya meza.

"Usigonge!" nikapiga kelele. "Mama, usigonge!"

Ukumbi mzima ukageuka. Mlinzi akaanza kuja.

"Wewe nani?" afisa akauliza.

"Mdogo wake. Deni si milioni themanini. Ni nane. Ametupiga. Hati ni ya riali, yeye ametudai tomani. Riali kumi ni tomani moja. Sifuri moja, mama, sifuri moja!"

Nilikuwa nahema, maneno yanagongana. Bwana Mazulia hata hakushusha mguu.

"Afisa, samahani kwa fujo hii," akasema. "Huyu binti ndiye aliyeisoma hati. Mimi niliwaambia wampe yeyote wanayemwamini. Wakamchagua yeye. Akasoma, akathibitisha, akampa dada yake kalamu. Muulize."

Afisa akanitazama. "Ni kweli?"

Mimi, wa kubishana kwa herufi moja, sikubishana.

"Ni kweli," nikasema.

"Hati imeandikwa ngapi?" Bwana Mazulia akaniuliza, polepole, kama mwalimu. "Milioni mia nne. Mimi nilisema ngapi? Milioni mia nne. Uongo uko wapi?"

Dada aligeuka kuniangalia. "Si ulisema ni kitu kimoja?"

Wallahi bora angenizaba kofi.

"Nilikosea, Dada."

Afisa akapenga tena. Akakunja leso. Muhuri bado uko mezani, umbali wa kidole. "Sikilizeni," akasema. "Mimi Kiajemi sijui. Riali, tomani, hayo ni yenu. Mtu mzima ameshasaini kwa wakili. Mimi hapa nasoma fomu tu."

Nikashika ukingo wa dirisha.

Akaivuta fomu ya uhamisho karibu na macho. "Sehemu ya nne. Kiasi cha deni linalolipwa kwa mali hii, kwa fedha ya nchi." Akasita. Akarudia kimoyomoyo, midomo inacheza. "Nani amejaza hapa?"

"Mimi," Bwana Mazulia akasema.

"Na saini ya kiapo ni ya nani?"

"Yangu."

"Umeandika milioni nane na laki moja."

Mguu wa Bwana Mazulia ukashuka.

"Nane?" Dada akauliza. Sauti yake ilikuwa ndogo kuliko ya yule bwana.

"Afisa," Bwana Mazulia akasogea kwenye kioo, "hiyo ni kwa ajili ya kodi tu."

"Kwa ajili ya kodi tu," afisa akarudia.

Hapo ndipo nami nilipoelewa. Kodi ya uhamisho inakatwa kwa kiasi unachotaja. Ukitaja themanini unalipa ya themanini. Bwana Mazulia hakutaka. Kwa mjane alidai tomani, kwa serikali akatangaza riali. Nyumba ameitaka nzima, na kodi yake akaitaka moja ya kumi.

Afisa akaweka kalamu chini. Mafua yalionekana yamempona ghafla.

"Sasa unichagulie. Deni likiwa nane, mama huyu anakupa nyumba kubwa kwa deni dogo, na hapo mimi sigongi muhuri mpaka mthamini aende na huyu mama akubali upya mbele yangu. Deni likiwa themanini, umeniapia uongo kwenye fomu ya kodi, na hilo lina faini yake na barua kwa wanasheria wetu. Nane au themanini?"

Watu wa dirisha la tano walikuwa wameacha shughuli zao.

Nilimwona anapiga hesabu. Macho yanakwenda kwenye fomu, kwa Dada, kwenye fomu. Nikainama karibu na sikio lake, nikamnong'oneza neno moja la Kiajemi, kwa matamshi aliyonirekebisha Khanum asubuhi ileile.

"Jarime." Faini.

Akaruka.

"Nane," akasema.

"Paza sauti, afisa asikie," nikamwambia.

"Nane. Deni ni milioni nane."

Afisa akamgeukia Dada. "Mama, kwa deni la milioni nane, unaitoa nyumba?"

"Siitoi," Dada akasema.

Afisa akachukua muhuri mwingine kabisa, kwenye droo ya chini, akaugonga mara moja. IMEKATALIWA. Jamani, sijawahi kulipenda neno lolote kama lile. Akamwambia Dada makubaliano ya wakili hayana nguvu bila uhamisho, arudi nayo kwa wakili ayafute.

Nilidhani Dada atainuka aondoke. Hakuinuka. Alimgeukia Bwana Mazulia.

"Milioni nane zako utazipata," akamwambia. "Marehemu alisaini, na mimi sitamwachia deni. Milioni moja kila mwezi, ya mwisho na ile laki yake. Kila ukija kuchukua unaniandikia risiti, kwa Kiswahili, na unasimama mlangoni. Ndani hutaingia tena."

Bwana Mazulia akakubali kwa kichwa. Alipita katikati ya viti vya chuma bila kumwangalia mtu.

Tukatoka nje, tukaketi kwenye ngazi. Na mimi nikiponea chupuchupu huwa naongea. Nikamtukana yule bwana kuanzia kucha zake safi hadi matunda yake ya Jumapili. Mnafiki! Mwizi wa wajane! Dada anaivutavuta kamba ya mkoba.

"Lakini na wewe Dada," nikasema mwishoni, "mtu kama yule ulimwaminije?"

Akanitazama kwa mshangao wa kweli.

"Nani alikuambia nilimwamini? Yule? Tangu Shemeji wako yu hai, kila alipotoka pale karakana nilikuwa nashuka kuhesabu mazulia."

"Sasa ulisaini kwa nini?"

"Si wewe ulisema umesoma?"

Hakusema kwa hasira. Ingekuwa hasira ningeijibu, hasira naiweza. Alisema kama mtu anayeulizwa kwa nini amekanyaga ngazi, na ngazi iko pale. Miaka yote yeye ndiye aliyenisomesha, alifuma kingo za mazulia ya watu ili mimi nijue kusoma. Nikisema nimesoma, kwake hakuna la kuongeza.

Nililia pale kwenye ngazi za ofisi ya kodi. Watu wakapita wakinipa pole, wakidhani nimekadiriwa kodi kubwa.

Deni lilikwisha mwezi uliopita. Risiti nane ziko kwenye faili la bluu, na mabinti wanalala vyumba vyao vilevile.

Mimi sasa nasoma Kiajemi na Khanum, Jumanne na Jumamosi, kuanzia mwanzo, salamu na kila kitu. Somo la kwanza aliniuliza nataka kuanza na neno gani. Nilimwambia nataka lile ambalo kwenye maneno yangu yote ya kodi, mikopo na riba sikuwahi kulitafuta.

Nemidanam. Sijui.

Ndugu zangu mnaosoma hapa, anayekutapeli unaweza kumkimbia, kwa sababu moyo unakuwa macho. Hatari ni sisi mnaotupenda, tunaojua nusu na kuona aibu kusema nusu nyingine hatuijui. Mtu akikuuliza jambo huku ameshika kalamu, na wewe huna hakika, mwambie hujui. Litakutoka kwa shida, mimi mwenzenu bado linanikwama kooni. Juzi mteja aliniuliza kuhusu kifungu kimoja kwenye mkataba wake wa kupanga. Nikamwambia, "Hapo sijui, kamuulize wakili." Akaniuliza kama naumwa.